Fundi Moshi na Sikio la Refa

Jina la Fundi Moshi hakujipa mwenyewe. Alibandikwa na mteja mmoja wa zamani aliyeleta televisheni iongezwe sauti tu, akaichukua ikiwa haina sauti, haina picha, na inafuka. Baadaye jamaa aliijua kazi, akawa fundi wa kuaminika wa redio na simu, lakini jina likishaganda limeganda. Kibanda chake kimegawana ukuta wa mbao na saluni ya mkewe. Mchana kutwa yeye anasikia umbea wa saluni, na wateja wa saluni wanavuta moshi wa risasi ya kulehemu inayoyeyuka, na wote wameshazoeana.

Kazi yake ilikuwa kutibu bodi, vile vibao vya kijani vinavyokaa ndani ya kila chombo cha umeme, vyenye vijia vya shaba vyembamba kama uzi. Alizitibu maelfu. Kuchora hata moja ya kwake, hajawahi. Na wala jambo hilo halikumkosesha usingizi, mpaka masikio ya baba yake yalipokufa.

Baba yake ndiye Refa. Huyo alichezesha mpira ujana wake wote, akatukanwa na mashabiki wa timu zote bila upendeleo, akastaafu na miguu mizima na masikio mabovu. Hospitali walimpa kifaa cha kusikia, kikawa kinapiga mluzi kila akitafuna. Jamani, mtu aliyewapulizia wenzake filimbi maisha yote, leo apuliziwe yeye, tena ndani ya kichwa chake? Akakitupa chooni bila kuaga, na tangu siku hiyo akaishi kimya.

Nyumba nayo ikauzoea ukimya wake kwa namna mbaya. Binadamu akishajua mwenzake hasikii, kwanza ananong'ona, halafu anasema kawaida, mwisho anasema mbele yake yale ambayo hata nyuma yake si ya kusema. Waliijadili mikoromo ya mzee, soksi za mzee, na zamu ya nani kumkata kucha mzee, huku mzee mwenyewe yupo katikati yao anamenya chungwa. Fundi Moshi alikuwa akiumia, ingawa hakusema. Zamani yeye na baba yake walikuwa wakikaa kwenye benchi la nje wakibishania penalti iliyotolewa yeye hajazaliwa, na hakuna mtu duniani aliyekuwa akimfurahisha kwa ubishi kama huyo. Sasa benchi lilikuwa lile lile, na watu wale wale, na hakuna la kubishania. Alimkumbuka baba yake ilhali amekaa ubavuni pake.

Siku moja pikipiki ilimpigia Refa honi ya nguvu barabarani, naye akaendelea kuvuka taratibu kama anayekagua uwanja. Dereva alikwepa, akaingia mtaroni. Habari zikamfikia dada yake Fundi, anayejulikana ukoo mzima kama Matroni kwa kuwa anasimamia bweni la wasichana, na sauti yake imekomalia huko huko. Akaja.

“Mdogo wangu, huyu mzee namchukua,” alisema kabla hata hajakaa. “Kwangu kuna ukuta na geti. Hapa mtamwokota vipande.”

“Dada, tulia kwanza. Nitamtengenezea kifaa cha kusikia. Nitakichora mwenyewe, kwa mikono hii.”

Matroni akaiangalia ile mikono. “Wewe Moshi?”

“Mimi.”

“Haya. Likizo ijayo nakuja na gari. Nikimkuta anasikia, anabaki. Nikimkuta hivi hivi, naondoka naye. Na usinipigie simu kunibembeleza, nabembelezwa na mabinti mia nzima kila siku na sijawahi kulegea.”

Refa alikuwa pale pale kwenye kiti chake, anamtazama binti yake anavyotikisa kidole, hana habari kwamba anagawiwa.

Kununua kifaa kingine dukani kulikuwa njia rahisi, na mkewe aliisema. Fundi alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Fundi mzima akanunue? Watu wamwoneje? Akaingia mtandaoni akamtafuta mwalimu wa kuchora bodi, akampata mmoja mwenye meno meupe ambaye kila sentensi yake ilianza na “ni rahisi tu”. Ni rahisi tu, unachora kwanza nani ameungana na nani. Ni rahisi tu, unavipanga vifaa kwenye bodi. Ni rahisi tu, unavuta njia za shaba kutoka kifaa hadi kifaa, ila njia mbili zisigusane. Fundi Moshi akamwita Mwalimu Rahisi, na akawa anamnukuu mezani kama watu wengine wanavyonukuu maandiko.

Elimu ikamwingia, na ikamwingia vibaya. Kila alichotazama alikiona kimechorwa kimakosa. Alisimama mlangoni mwa saluni siku moja, mikono kiunoni.

“Mama watoto, hapa umekosea. Mteja anatoka kwenye sinki kwenda kwenye kioo, anakutana na anayeingia. Njia zinagongana. Ungelihamisha hilo sinki.”

“Na wewe ungeuhamisha huo mdomo,” alijibu mkewe, hakuinua hata macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa anakisuka.

Bodi ya kwanza ilitoka kiwanda cha mbali, ikaja kwenye bahasha yenye vipovu. Aliifungua saluni, mbele ya watu, maana ufundi bila mashahidi una raha gani? Ilikuwa ya kijani, inang'aa, na juu yake jina lake kwa herufi nyeupe lilichukua nafasi kubwa kuliko saketi, yaani mzunguko wenyewe wa umeme. Akalehemu vifaa, akaweka betri, akawaomba wanawake wanyamaze. Wakanyamaza. Bodi ikatoa uzi mwembamba wa moshi ulionyooka hadi darini.

“Jamani,” akasema mmoja aliyekuwa chini ya draya, “kumbe hili jina halikuwa la uongo!” Walicheka hadi mmoja akaungua sikio kwa kitana cha moto.

Kosa lilikuwa hili: transista, kile kijidude cha miguu mitatu cha kukuza sauti, aliichora kama inavyoonekana ukiitazama kwa chini, kisha akaiweka juu. Miguu yote ikawa imepinduka, wa kushoto kulia na wa kulia kushoto. Kosa hilo halifanyi asiyejua, kwa sababu asiyejua hachori. Wala halifanyi anayejua. Ni kosa la mtu aliyejua juzi, na Fundi Moshi alikuwa amejua juzi hasa.

Bodi ya pili ilikuwa na miguu mahali pake. Akaitia kwenye kiboksi cha kukaa mfuko wa shati, waya ukipanda hadi sikioni. Akamwita baba yake kwa mkono, akamkalisha kwenye benchi, akamvisha, akazungusha kitufe. Uso wa mzee ukafunguka. Macho yakamtoka. Fundi Moshi akamwinamia.

“Baba! Baba, unanisikia?”

“Ameotea!” akapiga kelele Refa, akasimama. “Ameotea yule, mwacheni mshika kibendera apeperushe!”

Nyuma ya soko kuna mnara wa redio. Njia ya shaba iliyotoka kwenye maikrofoni Fundi aliizungusha bodi nzima kabla ya kuifikisha inakokwenda, kwa sababu ndiko alikopata nafasi, na njia ndefu namna hiyo haina tofauti na antena. Mtu akizungumza mbele ya mzee, mzee alipata mnong'ono. Mtangazaji wa mpira akizungumza mjini, mzee alimpata kama amemkalia begani.

Basi Refa akawa mtu mpya. Alipinga kadi nyekundu mezani. Alitangaza vifo vya watu wasiojulikana. Aliimba matangazo ya sabuni, tena kwa sauti zote mbili, ya kiume na ya kike. Majirani wakawa wanapita makusudi kumwuliza matokeo, kwa kuonyesha vidole, naye anawajibu kwa vidole na kuongeza maoni yake juu ya waamuzi wa siku hizi, ambao aliwaona takataka.

“Mwache hivyo hivyo,” mke wa Fundi alisema. “Si unaona ana furaha?”

“Hanisikii mimi!” Fundi alijibu kwa uchungu wa kweli. “Anamsikia kila mtu isipokuwa mimi. Na Matroni naye atasema nini? Honi ya pikipiki haitangazwi redioni.”

Akaipiga picha bodi yake, akaituma kwenye kundi moja la simu linaloitwa Mabingwa wa Saketi. Humo wanaume wasioonyesha nyuso huulizana swali moja tu, naye akaulizwa hilo hilo: “Graundi yako iko wapi?” Graundi ndiyo shaba ambayo umeme hurudia kwao ukishamaliza kazi. Fundi alikuwa ameifanya kama watu wengi tunavyofanya safari ya kurudi: alishughulikia kwenda, kurudi kukajitafutia njia.

Hapo akamwacha Mwalimu Rahisi, akahamia kwa mwalimu mwingine asiyetabasamu, anayefundisha bodi za spidi kubwa, za kompyuta na mitambo ya simu. Huyu alimfunulia makubwa. Kwamba umeme unaobadilika haraka, ukirudi, hupita chini kabisa ya ule unaokwenda, kama kivuli chini ya mtu. Ukiikata graundi mahali hapo, unalazimika kuzunguka mbali, na mzunguko huo ndio unaozaa kelele na kupokea kelele za wengine. Na kwamba njia zinazosafiri pamoja lazima zifike pamoja, kwa hiyo ile fupi hukunjwakunjwa kama nyoka mpaka urefu wake ulingane na wa wenzake.

Lo, zile nyoka! Zilimwingia moyoni. Katika mchoro wake wa tatu kila njia ilikuwa nyoka, hata ya betri, ambayo haina wa kusafiri naye. Bodi ilikuwa na tabaka nne, kwa ajili ya kumwezesha mzee mmoja kusikia kwamba chai iko tayari. Bingwa mmoja wa kundi akauliza kama hicho ni chombo cha kwenda mwezini. Fundi Moshi akamsomea mkewe ujumbe ule, akidhani amesifiwa.

Ulimi wake nao ukavimba. Mteja akileta chaja, anapewa somo la umeme unaorudi, anaondoka na chaja ile ile mbovu na kichwa kinachouma. Benchi la nje Refa alilikalia peke yake, na mtangazaji wake sikioni. Ikifika jioni mwanawe alikuwa ndani, ameinamia skrini, anapanua na kufinya, anapanua na kufinya.

“Unajua,” mkewe alimwambia, “tangu uanze kumtengenezea baba yako sikio, hujakaa naye hata mara moja.”

“Nitakaa naye akishasikia.”

“Na mimi nasema kaa naye sasa.”

“Mama watoto, wewe huelewi mambo ya graundi.”

Likizo ilikuwa inanyemelea. Mwishowe bingwa mkubwa kuliko wote kundini alimwandikia maneno mawili: “Futa nusu.” Ilimuuma Fundi kama anaambiwa akate vidole, lakini alifuta. Akaziondoa nyoka, akabakiza moja tu pembeni kwa heshima yake mwenyewe. Akarudisha tabaka mbili. Akailaza shaba ya graundi upande wote wa chini, nzima, bila mkato. Njia ya maikrofoni akaifupisha mpaka ikawa haizidi ukucha. Na lazima tuseme haki yake, maana tumemcheka vya kutosha: safari hii bodi ilikuwa nzuri. Kundi zima lilimpa dole gumba. Alikuwa akiitazama picha ya mchoro huo kila akimaliza kula.

Bahasha yenye vipovu na gari la Matroni vilifika asubuhi moja. Matroni alisubiri, saa mkononi, wakati mdogo wake analehemu. Mke alifunga saluni. Wakakusanyika sebuleni, watu wanne na mfuko wa nguo za mzee ambao Matroni alikwisha kuufunga na kuuweka mlangoni, kwa sababu yeye hafanyi kazi mara mbili. Refa aliketi kwenye kiti chake, ameshanyang'anywa kiboksi cha zamani na hajapendezwa hata kidogo.

Fundi akamvisha kipya. Akazungusha kitufe polepole.

“Baba. Unanisikia?”

Refa hakujibu. Alikuwa ameinua uso kidogo, anatazama ukutani.

“Baba! Ni mimi. Unanisikia?”

Mzee akageuza shingo kuelekea dirishani. Halafu akarudi kutazama ukuta.

“Basi,” alisema Matroni. “Tusipotezeane muda.”

“Mpeni nafasi kidogo,” alisema mke. “Na hata asiposikia, wifi, mimi sitaki aende. Nitamvusha barabara mwenyewe. Nimemzoea.”

Fundi Moshi akakigeukia kifaa. Alichukua kipimo chake, akapima betri, iko sawa. Akapima maikrofoni, iko sawa. Kila mahali palipaswa kuwa na umeme palikuwa nao, na kwa kiasi kile kile. Dada yake alikuwa akimtazama kwa lile jicho la bwenini. Alikumbuka yale madole gumba yote. Na aibu ikimbana mtu namna ile, hutafuta mahali pa kutokea, na huyu alipata mlango mmoja tu.

“Saketi haina kosa,” alisema. “Nasema mbele yenu, haina kosa! Mabingwa wenyewe wameipitisha. Tatizo siyo bodi, tatizo ni mzee. Masikio yameoza, na kichwa nacho kimechoka. Hata umfungie bodi ya dhahabu, hakuna kitu mle ndani cha kupokea. Mchukue tu, dada. Mimi nimemaliza yangu, hapa tumebaki kulea gogo.”

“Baba watoto!” mkewe alisema.

“Kwani uongo?”

“Hiyo saa ya ukutani,” alisema Refa taratibu, “ina mlio wa kukwama. Mngeipaka mafuta.”

Wote wakamgeukia.

“Nilikuwa naisikiliza,” akaendelea. “Na kuna ndege huko dirishani. Nikasema ngoja kwanza nisikie vitu vidogo vidogo, nilivikosa, halafu ndiyo nimjibu mwanangu.” Akasikiliza hata ukimya wenyewe. “Bodi yako ni safi. Nimekusikia vizuri sana.”

Akainama kutafuta viatu vyake chini ya kiti. Mke akapiga magoti kumsaidia, huku analia, anamwambia Baba usiende, Baba yeye huyu ni mdomo tu. Refa akamgusa bega. “Nawe nimekusikia, mwanangu. Ahsante.”

Matroni alikuwa ameshinda, na ushindi haukumkaa vizuri. “Baba,” alisema, kwa sauti ambayo mabinti wa bwenini hawajawahi kuisikia, “tulikubaliana ukisikia unabaki hapa.”

“Mlikubaliana nikiwa sisikii. Sasa nasikia, naamua mwenyewe. Nipe huo mfuko.”

Fundi Moshi aliwafuata hadi kwenye gari, kipimo bado kiko mkononi. Refa akasimama kwenye mlango uliofunguliwa, akamgeukia. Haikuwa na hasira ile sura. Alimpa sikio lile lenye waya, kama mtu anayempisha mwenzake mbele.

“Una neno la kuniambia?”

Kwa miaka yote ile Fundi Moshi alikuwa na maneno ya kumwambia. Sasa ulimi ulikuwa kama umelehemiwa.

“Kile kitufe,” alisema. “Ukikipandisha sana, kitapiga mluzi.”

“Sawa. Lingine?”

“Na betri ikianza kuisha, sauti itakwaruza.”

“Sawa.” Mzee bado alisubiri.

“Na... hakuna kelele, Baba? Hata muungurumo?”

“Hakuna,” alisema Refa. “Pametulia kabisa.”

Akaingia garini, akavuta mlango. Gari likaanza kusogea. Mkewe akamsukuma Fundi mgongoni kwa mikono miwili. “Wewe ni jiwe? Kimbia!”

Alikimbia. Gari lilikuwa limesimama ukingoni mwa barabara, Matroni anasubiri malori yapite, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Fundi Moshi akaegemea dirisha la baba yake kwa viganja vyote viwili, na yale maneno yakamtoka kwa mkupuo: kwamba ni uongo, ni aibu tu ilimshika, kwamba hajawahi kumwona gogo hata siku moja, kwamba benchi lile bila yeye hataweza kulikalia, kwamba anampenda na anamwomba msamaha, ashuke, wabishane penalti yoyote anayoitaka.

Refa alikuwa ameshauchomoa waya sikioni na kuuviringisha vizuri kwenye kiboksi. Alimwona mwanawe anatikisa midomo nje ya kioo, akadhani anaagana naye. Akapunga mkono. Malori yakaisha, na Matroni akaingiza gari barabarani.